Mvua ni ya Mungu, Kipindupindu ni cha Nani?

Mto hauifikii Base ya Kamina. Kambi hii ya jeshi na uwanja wake wa ndege, ambayo Wabelgiji waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili iwe ngome yao ya akiba katika Afrika ya Kati, iko juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, kiasi cha kilomita 25 mashariki mwa mji wa Kamina. Mvua ikinyesha hapa inapiga mabati, inachimba barabara, inajaza mashimo, kisha inaondoka zake. Upande mmoja maji yanashuka kuelekea Lomami, upande wa pili kuelekea Lualaba. Mafuriko yenyewe yanawakuta wengine, huko chini katika bonde la Upemba: Bukama, Kikondja, Malemba-Nkulu.

Lakini treni inapanda. Reli itokayo Lubumbashi inavuka Lualaba pale Bukama, inapanda uwanda hadi Kamina, na hapo inagawanyika: njia moja inakwenda Kasai hadi Ilebo, nyingine inakwenda Kabalo na Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Abiria wanasafiri na magunia ya samaki wakavu, bidoni za mawese, watoto mgongoni, na mara nyingine na kijidudu ambacho hakuna anayekiona. Mwaka 2008 daktari Mkongo Didier Bompangue na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba zone za afya zilizo kando ya maziwa ya mashariki mwa Kongo ndizo zinazoshikwa na kipindupindu mwaka hadi mwaka, na kwamba maziwa hayo ndiyo chemchemi ya milipuko inayofika mijini. Base ina zone yake ya afya, iitwayo Baka, mojawapo ya zone 16 za mkoa wa Haut-Lomami. Askari anayeishi huko na mke wake na watoto wake anaweza kuugua kwa sababu ya mafuriko ambayo macho yake hayajayaona.

Ugonjwa huo unaua haraka mno, kiasi cha kuwaacha walio hai bila maelezo. Mtu aliyekula bukari na samaki jioni akiwa mzima anaanza kuharisha usiku, kinyesi cheupe kama maji ya mchele, na kabla jua halijawa kali macho yameingia ndani, sauti imekauka, ngozi ya mkono ikifinywa inabaki imesimama. Msibani swali linalozunguka kwa sauti ya chini, kati ya wanawake wa jikoni na wazee waliokaa nje, mara nyingi si "nini kimemuua?" Ni "nani?" Nani amemtupia? Mulozi gani? Au ni Mungu, na kama ni Mungu, kwa kosa la nani?

Mtumishi wa afya aliyesomea mjini hulisikia swali hilo akatikisa kichwa. Kwake ni ujinga wa kuondolewa kwa semina na mabango. Anajibu kwa jina la bakteria, anaeleza njia ya mkono, chakula na kinywa, na anadhani mjadala umekwisha. Haujaisha. Inafaa kulitetea swali la "nani", kwa sababu wanaoliuliza wameona kitu ambacho bango halikioni, ingawa mara nyingi wanalipeleka kwa mtu asiyehusika.

Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliishi miaka mingi kati ya Waluba wa Katanga. Kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotolewa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, kilidai kwamba kwa Mluba kuwepo ni kuwa na nguvu, na kuugua ni kupunguziwa nguvu hiyo na mwingine: mtu hai, mzimu, au jamaa aliyekosewa. Wanafalsafa Waafrika waliokuja baadaye, Fabien Eboussi Boulaga na Paulin Hountondji miongoni mwao, walimkosoa vikali, na walikuwa na haki. Aliwafungia mamilioni ya watu katika fikra moja isiyobadilika, kana kwamba kila Mluba alizaliwa na falsafa ile ile na hakuwahi kubishana na mwenzake. Hata hivyo jambo moja alilisikia sawasawa. Kwa watu aliokaa nao, mateso hayakuwa ajali kati ya mtu na vitu. Yalikuwa habari kati ya mtu na mtu.

Miaka minane kabla yake, mwaka 1937, Mwingereza Evans-Pritchard alikuwa ametoa kitabu chake juu ya Wazande, ambao nchi yao inagusa kaskazini-mashariki mwa Kongo. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaponda waliokaa kwenye kivuli chake. Mzande anajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Hahitaji kufundishwa hilo. Anachouliza ni kwa nini liliwaangukia watu wale, saa ile. Ndivyo ilivyo kwa mama wa Kikondja. Anaweza kukubali kwamba kijidudu kilikuwa ndani ya maji. Bado anataka kujua kwa nini kilikuwa ndani ya maji ya mwanawe.

Swali hilo lina jibu, na jibu hilo lina watu ndani yake.

Ili kuwaona, lazima kwanza kulitazama bonde lenyewe. Pale Upemba, Lualaba inapunguza mwendo na kutawanyika katika maziwa mengi, Upemba, Kisale, Kabamba na madogo yasiyohesabika, yaliyounganishwa na mabwawa ya mafunjo. Kwenye Kisale wavuvi wanaishi juu ya visiwa vinavyoelea, vilivyoshikamana kwa mizizi na mabua ya mafunjo. Nyumba, jiko, nyavu zinazokaushwa, vyote vinakaa juu ya maji. Hapo hapachimbwi choo cha shimo. Ziwa ndilo choo, na ziwa hilo hilo ndilo kisima. Hata ukingoni, penye udongo, shimo likichimbwa kidogo tu linakutana na maji. Mvua za Oktoba hadi Aprili zikijaza mto, maji yanaingia vyooni, yanatoka na kilichomo, yanatembea hadi kwenye visima vya wazi ambavyo watu wanachota kwa ndoo na kamba. Watu wanahamia kwenye kichuguu au mwinuko wowote ulio mkavu, familia nyingi mahali padogo, na bidoni moja inapita mikono mingi. Maji yakishuka yanaacha madimbwi, mbu wanazaliana, malaria inaongezeka wakati ambapo muhogo umeoza shambani na watoto hawashibi. Mwanamke mjamzito ambaye kituo cha afya chake kiko ng'ambo anasubiri mtumbwi.

Mafuriko si mgeni huko, wala si adui siku zote. Wanaakiolojia walioanza kufukua makaburi ya Sanga, kando ya Kisale, mwaka 1957, walikuta vyungu vizuri na mapambo ya shaba ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Watu hao walistawi kwa sababu ya maji yanayopanda na kushuka, maana yalileta samaki na kurutubisha udongo. Waluba waliyaheshimu maji. Ziwa Boya, karibu na Kabongo, linatajwa katika mapokeo kuwa makao ya roho walinzi wa ufalme.

Mgeni ni kipindupindu. Wimbi lake la saba duniani lilianza Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na Kongo katika miaka ya 1970 hiyo hiyo. Hesabu hii inabadilisha mazungumzo yote. Watu wameishi na mafuriko kwa miaka elfu na zaidi, na wamekuwa wakifa kwa kipindupindu kwa miaka 50 hivi. Basi anayesema "ni mafuriko yamewaua" hajasema kitu bado. Na anayesema "ni Mungu aliyeleta mafuriko" amemtaja Mungu mahali ambapo pana nafasi kubwa ya kuwataja watu.

Mwaka 2017 Kongo ilihesabu zaidi ya wagonjwa 55,000 wa kipindupindu na zaidi ya vifo 1,100. Hivi ni vifo vya ugonjwa ambao dawa yake inapatikana jikoni. Lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi: mgonjwa anayeweza kunywa anakunywa hayo kwa wingi, tena na tena, na mwili unashika maji yake. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika mishipani, akawapa jamaa za wagonjwa mapipa ya mchanganyiko wa sukari na chumvi wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa kiasi cha asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4. Leo katika kituo cha kipindupindu kinachofanya kazi vizuri, anakufa mgonjwa mmoja au chini yake katika kila 100.

Kituo kama hicho hakina maajabu. Kuna vitanda vya turubai vyenye tundu katikati, na chini ya tundu ndoo yenye klorini, ili muuguzi apime kilichotoka na kujua kiasi cha kurudisha. Mlangoni kuna beseni la kukanyaga na bomba la kunawia. Kando ya mto anakaa kijana na bomba la sindano lisilo na sindano: kila bidoni ya lita 20 inayopita anaidondoshea kipimo cha klorini na kumwambia mwenyewe asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Ni kazi ya kuchosha, jua linawaka, watu wanalalamika ladha. Kijana huyo akikosa kulipwa, ataondoka. Akiondoka, siku kadhaa baadaye kuna msiba, na msibani watauliza "nani?"

Hapo ndipo mtu anapoweza kuanza kujibu kwa ukweli. Fedha za klorini ziliishia wapi? Nani alijua mvua zinakuja, kwa kuwa zinakuja kila mwaka, akakaa bila kupeleka dripu Malemba-Nkulu kabla ya barabara kufungwa? Nani aliamua kisima kichimbwe pale, chini ya alama ya mafuriko ya mwaka uliopita? Bakteria haina nia. Bajeti ina mtu aliyeiandika na mtu aliyetia sahihi.

Kuna mfano mmoja wa dunia unaofaa kukaa kichwani mwa kila anayelidharau swali hili. Oktoba 2010 kipindupindu kililipuka Haiti, nchi iliyokuwa bado inalia kwa tetemeko la Januari mwaka huo. Baadhi ya wanasayansi wakubwa walitaka kutazama mazingira: joto, mvua, vijidudu vinavyoishi vyenyewe katika maji ya pwani. Wahaiti waliokaa kando ya mto huko Mirebalais waliuliza nani. Walinyoosha kidole kwenye kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepal, ambayo uchafu wake ulikuwa ukiingia kijito kinacholisha mto Artibonite. Mfaransa Renaud Piarroux, mtaalamu ambaye kabla ya hapo alikuwa amefuatilia kipindupindu hapa Kongo pamoja na Bompangue, alikwenda, akachora ramani ya wagonjwa wa kwanza, akaona wanakijiji wana haki. Karibu watu 10,000 walikufa. Umoja wa Mataifa ulikataa kwa miaka, hadi Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon alipowaomba Wahaiti radhi. Swali lililoonekana la kishamba ndilo lililokuwa la kisayansi.

Haiti hiyo hiyo inaonyesha jinsi swali hili linavyoweza kuua. Katika wiki hizo hizo, mwishoni mwa 2010, umati uliwaua watu zaidi ya 40, wengi wao makuhani wa vodou, wakidaiwa kuusambaza ugonjwa kwa unga wa kichawi. Kongo haina haki ya kushangaa. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, yaani mwana wa Mungu, alivuka kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kuingia kusini mwa Katanga. Alibatiza watu kwa kuwazamisha, na wale aliowaona kuwa walozi aliwashikilia chini ya maji mpaka wafe. Waliokufa kwa mkono wake katika nchi zote mbili wanakadiriwa kupita 100. Alinyongwa mwaka 1926. Wengi waliokufa hawakuwa na uwezo wa kumdhuru mtu yeyote, na hilo ndilo jambo la kutazama: "nani" linapoulizwa na watu waliokata tamaa, linamwangukia aliye karibu na asiye na mtetezi, bibi kizee, mjane, mtoto wa kambo. Haliwafikii wenye ofisi. Mulozi anapatikana kwa kutembea nyumba ya tatu. Aliyechelewesha klorini anaishi mbali, ana mlinzi getini.

Basi dini inasema nini? Kamina ni mji wa makanisa: Wakatoliki, Wamethodisti, Wapentekoste, na vikundi vingi vya maombi, na humo Waislamu pia wako. Katika mimbari nyingi baada ya mafuriko, mahubiri yanayokuja kwa wepesi ni ya adhabu: dhambi za nchi zimejaa, Mungu amefungua madirisha ya mbingu. Wahubiri hao wanapaswa kurudi kwenye Injili wanayoishika mkononi. Katika Luka, sura ya 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na anakataa waziwazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Katika Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamuuliza juu ya kipofu: ametenda dhambi nani, huyu au wazazi wake? Anakataa majibu yote mawili, kisha anatema mate chini, anatengeneza tope, na anaanza kazi. Wahubiri wanaipenda habari ya tope. Kukataa kwake kumtafuta mwenye dhambi kati ya wagonjwa hakusikiki sana.

Upande wa Uislamu kuna kisa ambacho kingefaa kusomwa kila msimu wa mvua. Karibu mwaka 639, Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Sham, yaani Syria, akafika Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele. Akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda, jemadari wake na mtu wa heshima kubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akakubali: anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mchungaji aliyeshuka bondeni na ngamia wake, bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Upande wowote atakaowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari ya Mungu, lakini ngamia hawatashiba sawa. Abu Ubayda alibaki na askari wake na akafa kwa tauni hiyo. Uamuzi wake nao una heshima yake, ya kiongozi asiyewaacha watu wake. Hoja ya Umar inabaki: kumwamini Mungu hakumpunguzii mchungaji wajibu wa kuchagua upande.

Jambo hilo liliwahi kupimwa kwa vifo vya watu, bila mtu kukusudia, Ujerumani mwaka 1892. Hamburg na Altona ilikuwa miji miwili iliyogusana, mpaka wake ukipita kati ya mitaa, na yote miwili ilikunywa mto Elbe. Altona ilichota maji chini zaidi, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia mtoni, kwa hiyo maji yake yalikuwa mabaya zaidi. Lakini Altona iliyachuja kwa mchanga. Hamburg, bandari tajiri iliyotawaliwa na wafanyabiashara, ilikuwa imeahirisha gharama ya kuchuja kwa miaka mingi. Kipindupindu kilipofika mwezi Agosti, Hamburg ilizika watu kiasi cha 8,600. Altona ilipona kwa sehemu kubwa, na kulikuwa na mitaa ambayo wagonjwa walijaa upande mmoja wa barabara na upande wa pili ukabaki salama. Mvua ilikuwa moja na mto ulikuwa mmoja, na ibada zao zilifanana. Kilichotofautiana ni uamuzi wa baraza la mji.

Itasemwa: Hamburg ilikuwa na mali, Haut-Lomami haina. Ni kweli kwa sehemu, lakini umaskini wa mahali nao una historia. Nchi hii ilipata saruji, mashine na wahandisi wa kujenga njia ya ndege ndefu kiasi kwamba Novemba 1964 ndege zilizobeba makomandoo wa Ubelgiji zilitua Base ya Kamina kabla ya kuruka kwenda Stanleyville, Kisangani ya leo, kuwaokoa mateka. Reli ya kwenda Kabalo ilikamilika mwaka 1956. Waliojenga hayo walijua kupima uwanda, kupitisha maji chini ya tuta, kuhesabu mvua. Maarifa ya kumpa mtu wa Bukama maji safi yalikuwa ndani ya mikono ile ile. Yalitumwa kwingine, na tangu uhuru yameendelea kutumwa kwingine.

Swali la "nani" linavuka hata mipaka ya nchi. Januari 2024 mto Kongo ulipanda Kinshasa hadi mita 6.20, karibu kabisa na rekodi ya mita 6.26 ya mwaka 1961, na mikoa 18 kati ya 26 ikaguswa na mafuriko. Watu wengi wanasema hali ya hewa imeharibika, na kwamba walioiharibu ni nchi zenye viwanda. Lakini tazama kilichotokea Kalehe, Kivu ya Kusini. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi, mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 400. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kupima kama joto la dunia limechangia janga fulani, walijaribu, kisha wakatangaza kwamba hawawezi kusema. Vipimo vya mvua vya eneo hilo vilikuwa vichache mno. Mtu anaweza kupoteza familia nzima na hata haki ya kumjua aliyemkosea ikampita, kwa kuwa hakuna aliyeweka kopo la kupimia mvua. Dhuluma hii ni ya kina kuliko inavyoonekana. Asiyehesabiwa hawezi kushitaki.

Kutohesabiwa huko kuna upande wake Haut-Lomami. Juni 2017 mkoa huu ulikuwa miongoni mwa mahali ambapo mlipuko wa polio ulitangazwa, ya aina inayozaliwa pale chanjo inapowafikia watoto wachache mno. Polio, sawa na kipindupindu, hupita kwenye kinyesi na maji. Wako wanaoikataa chanjo kwa imani, hasa katika baadhi ya vikundi vya Bapostolo na Kitawala. Ni rahisi kuwacheka, na ni kosa. Kitawala ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni na wafuasi wake wakafukuzwa makwao. Watu ambao kwa vizazi waliiona dola ikija na minyororo hawawezi kuamini mara moja kwamba safari hii imekuja na matone ya kumponya mtoto. Daktari anayetaka wafungue mlango anapaswa kuja pia siku isiyo ya chanjo, na maji.

Pagumu kuliko pote ni kwenye maiti. Mwili wa aliyekufa kwa kipindupindu bado una vijidudu vingi, na kuuosha, kuukumbatia, kisha kuwapikia waombolezaji ni njia inayojulikana ya kuanzisha mlipuko mpya. Kwa hiyo watu wa afya wanakuja na klorini na mfuko, wanataka kuzika upesi. Kwa familia, hiyo ni kumnyang'anya marehemu heshima ya mwisho, na kwa Mluba anayeamini kwamba aliyezikwa vibaya hatulii, ni kuwaletea walio hai balaa lingine. Hapa dini ina kazi ambayo wizara haiwezi kuifanya. Fiqhi ya Kiislamu inaruhusu tayamamu pale maiti asipoweza kuoshwa. Padre au mchungaji anaweza kusimama hatua kadhaa mbali na kuomba maombi yote bila kupunguza neno. Mzee wa ukoo anaweza kumtaja marehemu kwa majina yake yote. Kinachohitajika ni watu hawa waitwe na kusikilizwa kabla ya mlipuko, wakae na muuguzi wa zone, wakubaliane nani anaosha, kwa glavu na klorini gani, na matanga yatafanyikaje bila sinia moja la mikono mingi.

Kanisa la Kamina linajua kuwaita watu mezani. Mwaka 2004, vita vikiwa bado vinanuka damu Katanga ya kaskazini, Askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Methodisti aliwakutanisha mjini humo viongozi wa wanamgambo wa Mai-Mai na wakuu wa serikali, watu ambao siku chache kabla wangeuana. Waliulizana hadharani nani alifanya nini. Kamina sasa ni makao makuu ya mkoa, ina gavana na bunge lake, na Base ina jeshi lenye magari na madaktari. Askofu, imamu na chifu wanaweza kuomba kikao cha namna hiyo mwezi Agosti, ardhi ikiwa kavu, na kuuliza mbele ya watu: klorini kiasi gani imeshafika Bukama na Kikondja, visima vingapi viko juu ya alama ya maji ya mwaka jana, vijana wa kando ya mto watalipwa na nani hadi Mei, gari gani la Base litapeleka dripu barabara ikikatika, na nani atarudi mwezi Juni kusoma majina ya waliokufa.